Mnunuzi Aliyesifia Meza

Nimeuza samani zilizotumika kwa miaka ishirini na mbili, na wanunuzi wa kila namna wamepita mikononi mwangu. Yupo anayegonga mbao kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Yupo anayekunja uso tangu mlangoni, ili nikitaja bei aonekane ameshaumia. Yupo anayekuja na shangazi wa kumvuta mkono na kumwambia, "Twende zetu, mwanangu, hapa wanatuchuna." Wote hao nawajua na wote nawamudu. Mnunuzi wa kuisifia mali yangu mbele yangu nilikuwa sijamwona, mpaka siku alipoingia Honi.

Uso wake ulikuwa mgeni kwangu. Sauti yake niliijua, kama mtaa mzima ulivyoijua. Ndiye aliyepita madukani kila Jumamosi na kipaza sauti cha betri begani, akitangaza viatu, dawa ya mende na ndoo za plastiki. Ndiye pia aliyesoma matangazo madogo ya saa sita mchana kwenye redio ya mtaani, ile yenye studio juu ya duka la rangi. Jina lake la kuzaliwa hata mkewe alilitaja siku za ugomvi tu. Nilitarajia mtu wa kifua kipana. Aliyeingia alikuwa mwembamba, shati limemning'inia kama bado liko kwenye hanga, miaka arobaini na sita, miwani imefungwa kwa uzi.

Akasimama mbele ya meza ya kuandikia, mbao ngumu, droo mbili. Akaipapasa. Halafu akafungua mdomo.

"Jamani! Hii ndiyo meza! Tazameni mbao, tazameni droo zinavyoteleza! Utaandikia wewe, wataandikia watoto, na yenyewe itabaki inawatazama!"

Watu wawili waliokuwa upande wa viti wakageuka. Mmoja wao, nesi mstaafu, akaja, akaifungua droo, akaifunga, akalipa bei ya kwanza niliyotaja bila hata kukohoa. Katika maisha yangu ya biashara hilo limetokea mara tatu. Meza ikabebwa. Honi akabaki anaangalia alama nne za miguu ya meza kwenye vumbi la sakafu.

"Sasa mimi?" akaniuliza.

"Wewe umeiuza, baba. Nikupe nini, pongezi?"

"Niliihitaji kweli, Mama Makabati. Nina mtihani."

Nikacheka, maana nilidhani ni utani. Kumbe hakuwa anatania. Redio ile ilikuwa imepata meneja mpya, kijana wa suruali ya kubana, na meneja alikuwa amebandika karatasi mlangoni: kuanzia mwezi wa saba, asiye na cheti cha masomo ya vyombo vya habari haingii studio. Honi alikuwa amesoma matangazo ya saa sita kwa miaka kumi na moja. Cheti chake kilikuwa koo. Alikuwa amejiunga na darasa la watu wazima, akafanya mtihani mara mbili, akaanguka mara mbili. Iliyobaki ilikuwa mara ya tatu, na chuo kilikuwa hakiruhusu ya nne.

Sina tabia ya kuwaonea watu huruma katika saa za kazi. Nilichokiona ni mtu aliyeuza meza kwa sentensi tatu. Nikampa mapatano: achukue meza nyingine, ndogo, na kwa malipo atangaze mbele ya duka langu Jumamosi nne. Meza ile mguu wake wa nyuma ulikuwa mfupi, nami nilikuwa nimekunja kadibodi chini yake. Hakuuliza habari za mguu, nami sikuzileta.

Jumamosi ya kwanza nilijua nimepata dhahabu. Bango langu lilikuwa limening'inia mlangoni kwa miaka miwili, herufi nyekundu: LEO TU! MWENYE MALI ANAHAMA! Bango ni bango, watu walikuwa wameshaacha kuliona. Honi alilitia pumzi. "Leo tu, jamani! Leo tu! Mama anahama, makabati hayapandi ndege!" Watu waliokuwa wanakwenda kununua sabuni wakarudi nyumbani na stuli. Kulikuwa na wazee wa mtaani waliokuwa wakipita na kupiga kelele, "Mama Makabati, bado hujahama tu?" na mimi nawajibu, "Nasubiri ununue ndiyo niondoke!" Wanacheka, wanaingia.

Jumamosi ya pili alikuja asubuhi mapema, kabla sijatoa viti nje, ana bahasha chini ya kwapa na uso wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Nini tena?"

"Mwalimu amerudisha jaribio."

Nikamwambia alete nione. Mimi shule niliishia njiani, lakini nimesoma mikataba ya kupangisha ya watu waliotaka kunila, kwa hiyo karatasi haiwezi kunitisha. Maswali mafupi alikuwa amepata karibu yote. Hadhira ni nini, vema. Tofauti ya habari na tangazo, vema. Tatizo lilikuwa swali la mwisho, lenyewe peke yake alama ishirini na tano, lile la kujibu kwa kurasa. Liliuliza hivi: "Redio imekufa, wasikilizaji wote wamehamia kwenye simu. Jadili ni kwa kiasi gani unakubaliana na kauli hii."

Jibu la Honi lilianza: "Hamjambo! Habari za asubuhi kwako msahihishaji popote pale ulipo, karibu tuwe pamoja katika dakika hizi hamsini."

Nikamtazama juu ya karatasi. "Umemsalimu?"

"Mtu huanzia hewani hivyohivyo tu, bila salamu?"

Salamu zilikwenda nusu ukurasa, mpaka kwa familia ya msahihishaji. Baada ya hapo: "Nakubali kabisa! Redio imekufa! Imekufa kabisakabisa! Nani asiyejua?" Kurasa tatu zikafuata, kila moja ikiizika redio upya, tena kwa shangwe. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Hili ni tangazo, si hoja. Chini kabisa: alama sita. Nadhani moja ilikuwa ya salamu.

"Honi," nikasema, "wewe unakula kwa redio."

"Ndiyo."

"Unataka cheti ili ubaki redioni."

"Ndiyo, mama."

"Na umeandika redio imekufa."

"Ndivyo swali lilivyosema!" Akakaa kwenye sofa iliyokuwa bado na nailoni. "Sikiliza. Mimi miaka yote hii mtu akinipa neno nimtangazie, silitii doa. Aliyenipa dawa ya mende sijawahi kusema mende wengine hubaki. Hata ile ndoo iliyokuwa inavuja, nilisema ni nyepesi. Ndiyo maana wananiamini. Sasa mwenye swali amenipa neno lake, nimgeuke?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mwenye akili ameanguka mara mbili. Alidhani mtunga mtihani ni mteja wake.

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana mteja wa kwanza wa siku alikuwa anakaribia na sikutaka anione nimelegea. Nikamwambia, "Mwenye swali hakukuajiri. Mwenye swali ni mnunuzi. Ameingia dukani, amesimama mbele ya kabati, ametaja bei yake ya kijinga kwa sauti kubwa. 'Redio imekufa.' Hiyo ni bei ya kwanza. Ukimjibu 'Sawa, chukua', atakuona mjinga. Ukimwambia 'Toka nje', biashara imekwisha. Anasubiri mpatane. Hilo neno 'kwa kiasi gani' unadhani maana yake nini? Anakuomba mpatane!"

"Na nikipatana naye vipi?"

"Unavyopatana na mtu yeyote. Unampa kidogo, unashika kikubwa, au kinyume chake. Lakini hupandi hatua wala hushuki hatua bila kuonyesha kitu. Nikisema kabati hili ni imara, nalipiga teke mbele yako. Wewe umepiga teke nini kwenye kurasa hizi?"

Akapekua. Hakuwa amepiga teke chochote.

Kuanzia hapo tukaongeza kifungu kwenye mapatano yetu. Yeye angeongeza Jumamosi mbili, mimi ningemfundisha kukosoa, saa moja kila asubuhi kabla ya kufungua. Nilidhani nimemlalia. Kazi ya kumfundisha mtu kukosoa ingekuwa rahisi kiasi gani? Mama mkwe wangu aliifanya bila masomo.

Asubuhi ya kwanza nikamsimamisha mbele ya sofa ya kijani na kumwambia aishushe bei. Sofa ile ilikuwa na springi inayochomoza na harufu ya paka.

"Sofa hii..." akaanza. Jasho likamtoka. "Sofa hii ina... rangi."

"Rangi gani?"

"Nzuri."

"Honi!"

"Siwezi, mama. Neno linafika hapa," akashika koo, "linarudi."

Siku tatu zikapita hivyo. Siku ya nne akaja na mkewe, mshonaji, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni. Alikuja kuona ni mwanamke gani huyu anayekutana na mume wake asubuhi. Akakaa kwenye kiti, akamsikiliza mumewe akihangaika na sofa, mwisho akavunjika mbavu.

"Huyu ndiye hawezi kukosoa? Dada yangu, njoo kwangu saa ya kula! Chumvi imezidi, kitunguu hakijaiva, mchuzi wa juzi ulikuwa mzito kuliko wa leo, na wa mama yake ulikuwa mzito kuliko wote. Mwambie ajifanye hiyo sofa ni mchuzi wangu."

Honi akamtazama mkewe. Akaitazama sofa. Kitu kikamlegea usoni.

"Mto wa kulia umeshiba, wa kushoto una njaa," akasema polepole. "Springi inachomoza pale ambapo mgeni atakaa. Mbao za nyuma zimepakwa rangi upande unaoonekana tu, kumaanisha mwenyewe alijua itasukumwa ukutani. Ila fremu... fremu ni ngumu. Ukibadilisha mito, inafaa. Kwa bei hiyo, haifai."

Mkewe akanigeukia, "Umeona? Na huyo hajashiba bado."

Kilichobaki kilikuwa kuyahamishia hayo kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa na ukaidi wake. Mwanzoni, akipewa tangazo la darasani alichambue, alieleza tu: tangazo lina mwanamke, amevaa gauni la njano, ameshika kopo. Nikamwambia mnunuzi ana macho, ameshaona ni sofa. Mwambie itamfanyia nini mgongo wake. Basi akajifunza kusema lile gauni la njano linafanya kazi gani, linamlenga nani, na kwa nini mwanamke huyo hatazami kopo bali anamtazama mtazamaji. Salamu tulizikata kwa nguvu. Siku moja aliniomba abakishe angalau "Karibu". Nikakataa. Na saa: nilimwekea saa ya mezani kati ya vikombe, dakika tano za kupanga, arobaini za kuandika, tano za kusoma tena, na ikilia anaweka kalamu hata kama sentensi iko katikati. Mwalimu wake akaanza kuandika maneno marefu zaidi kwa ule wino mwekundu. Sita ikawa kumi na moja. Kumi na moja ikawa kumi na nne.

Ila nilianza kulipia. Jumamosi ya tano mama mmoja alimwuliza Honi kama kabati la milango mitatu ni zuri. Honi akashusha kipaza sauti. "Kwa upande mmoja, ndiyo," akasema. Nikatoka ndani mbio kama nimesikia mwizi.

Siku ya mtihani alipita dukani akitoka chuoni, mchana jua kali. Alikaa kwenye ile sofa ya kijani, springi na yote, hakulalamika.

"Waliuliza nini?"

"Wamesema matangazo ya biashara huuza hofu kabla ya kuuza bidhaa. Kwa kiasi gani. Tutumie tangazo moja la darasani na moja la kuchagua wenyewe."

"Mmefikia bei gani?"

"Robo tatu nimewapa. Robo nimeshika."

"Na tangazo la kuchagua ulichagua lipi?"

Akaanza kufuta miwani. "La hapahapa tu, mtaani," akasema, akaondoka kabla sijamaliza kumimina chai. Mtu wa biashara mwenye akili timamu angeshtuka pale pale. Mimi nilikuwa nafikiria makabati.

Matokeo yalitoka wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Honi alifaulu. Swali refu peke yake alipata kumi na tisa, na meneja wa suruali ya kubana akalazimika kuing'oa karatasi yake mlangoni, kwa sababu aliyekuwa amebaki kutishwa nayo ni Honi tu. Nilifurahi kwa kiasi chake. Mwanafunzi wangu, kwa namna fulani.

Wiki mbili baadaye wakaingia wanafunzi watano na karatasi zilizotolewa nakala. Hawakutazama samani. Walisimama nje chini ya bango langu, mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakawa wanaangalia juu kama watalii.

"'Tangazo hili linatumia maneno mawili, leo tu, kumtia msikilizaji hofu ya kukosa. Halitaji mbao wala bei; linataja siku. Habari ya mwenye mali kuhama haimhusu mnunuzi, lakini inamfanya ajione ana bahati ya kufaidi haraka ya mtu mwingine. Mwenye mali huyo hajahama kwa miaka miwili. Hapa, basi, kauli ni ya kweli: hofu iliuzwa kwanza, kabati likafuata.'"

"Ndiye yule pale ndani," mmoja akanong'ona. "Mwenye mali."

Mwalimu wa wino mwekundu alikuwa amelichukua jibu la Honi na kuligawa kwa darasa jipya kama mfano wa jibu zuri. Darasa la watu thelathini na wawili. Kila mmoja ana mama, kila mama ana jirani anayetaka kabati.

Nilifunga duka mchana, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya msiba wa shemeji, nikapanda ngazi za juu ya duka la rangi. Honi alikuwa ametoka hewani, anakunywa maji.

"Umenivua nguo mbele ya mji!"

"Mama, wewe ndiye uliyesema nipige teke kitu."

"Nilisema upige kabati! Hukuambiwa unipige mimi!"

"Nilikuwa sina tangazo lingine ninalolijua kwa ndani kama hilo. Ningesema la mtu mwingine ningekisia, na ukikisia msahihishaji anakunusa." Akavuta droo, akanipa nakala yake. "Hukusoma ukurasa wa tatu."

Sikutaka kuusoma. Nikausoma.

"Hata hivyo," ulisema, "hadhira si ng'ombe. Majirani wamelizoea bango hilo. Wapo wanaoingia wakicheka na kuuliza, 'Bado hujahama?', kisha wananunua. Mtu anayecheka hana hofu. Kwa hao, tangazo haliuzi hofu. Linauza mchezo ambao muuzaji na mnunuzi wote wanajua kanuni zake, na muuzaji huyu anaucheza vizuri kuliko wengine. Kwa hiyo naikubali kauli kwa robo tatu: inawafaa wapita njia, haiwafai majirani."

Nikausoma mara mbili. Ilikuwa kweli, na iliniudhi zaidi kwa sababu hiyo. Kwa miaka yote nilidhani nawapiga chenga wale wazee.

"Kumi na tisa," nikasema. "Zile sita nyingine walikunyima kwa nini?"

"Wamesema tangazo la pili nimelipa nafasi ndogo. La kwako lilinichukua."

Nikamrudishia karatasi, nikashuka ngazi.

Bango nililishusha mwenyewe. Sikufanya hivyo kwa aibu. Wanafunzi walikuwa wanaziba mlango. Mwezi ule mauzo ya wapita njia yalishuka, na ya majirani yalibaki palepale, robo tatu na robo kama alivyoandika, jambo ambalo sijamwambia. Mtangazaji wa Jumamosi nilimkosa pia, kwani redio ilimpa kipindi kizima cha kuchambua matangazo. Mkewe ananiambia nyumbani mambo yamekuwa mabaya: zamani alisema chumvi imezidi, basi. Sasa anasema imezidi, anataja ushahidi, anatazama upande wa pili, anatoa uamuzi, na mchuzi unapoa.

Mwezi uliopita akaingia dukani. Alitaka meza kubwa zaidi, kwa ajili ya kipindi. Nilikuwa nayo moja, mbao ngumu, droo mbili, pacha wa ile ya nesi. Nikataja bei, nikangoja asifie.

Akainama, akatazama chini ya miguu yote minne. Akaivuta droo ya kushoto, ikakwama kidogo mwishoni, akanitazama. Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo niliokuwa nimeupaka kiwi ya viatu asubuhi ileile.

"Mbao ni nzuri, hilo nakupa," akasema. "Droo moja ina kigugumizi. Na hapa umepaka kiwi, mama, kumaanisha wewe mwenyewe unajua haifiki bei hiyo."

"Leo tu nakupunguzia," nikasema, kwa mazoea.

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Aliichukua kwa bei ambayo nisingempa hata ndugu yangu wa tumbo moja. Alipofika mlangoni akageuka, ameshika meza upande mmoja, mchukuzi upande wa pili.

"Ile ya kwanza mguu wake una kadibodi."

"Uliijua lini?"

"Siku ileile," akasema. "Ila nilikuwa bado natangaza."